Kinga Isiyokinga

Jumapili, 1 Machi 1992. Mwisenge, Musoma.

Mhariri amenirudishia makala yangu tena. Anasema ni kali mno, na kwamba siku hizi gazeti lake linatafuta lugha ya kujenga. Mwaka huu kila mwenye mdomo anaambiwa ataruhusiwa kuanzisha chama chake cha siasa, lakini mwalimu wa biolojia haruhusiwi kuandika kwamba hospitali hazina pamba ya kufutia kidonda wakati marobota ya pamba yanaoza kwenye maghala ya Bunda. Haya. Nitagombana humu, ambako mhariri ni mimi.

Mvua bado. Joto la kuchukiza.

Alhamisi, 5 Machi.

Mdogo wangu Pelagia amekuja kutoka Kiriba kwa lori la dagaa, ananuka dagaa mpaka kwenye nywele. Hakukaa. Alisimama pale jikoni akasema, "Dada, Stani ameanza kujipanda."

Nilielewa. Stanislausi, mwanawe, ana miaka kumi na mmoja. Kujipanda ni hivi: mtoto ameanguka, anataka kuinuka, miguu haimtii; basi anashika vifundo, kisha magoti, kisha mapaja, anaupanda mwili wake mwenyewe kwa mikono kama mtu anayepanda mnazi, mpaka asimame. Kaka yake Leonardi alianza vivyo hivyo. Leonardi tulimzika mwaka juzi, mapaja yake yamebaki kama mikono.

Ukoo wa mume wake umeshapata jibu. Felisian, kaka mkubwa wa mume, ametangaza kikao baada ya mavuno ya mtama. Anasema mwanamke anayezika mtoto mmoja wa kiume ni mfiwa, lakini anayenyausha wa pili anawala kwa uchawi. Wanataka aondoke, watoto wabaki.

"Na Masatu anasemaje?"

"Masatu hasemagi kitu. Anaenda ziwani."

Nimemwandika shemeji yangu Masatu kwenye orodha ya kondoo. Ni orodha ndefu, ina mawaziri ndani yake.

Jumanne, 10 Machi.

Nimetoka Bunda. Kwenye hospitali ya misheni yupo daktari kijana, Hasani Kudura, mtoto wa fundi cherehani wa hapa mjini Musoma, aliyepelekwa Ulaya kusoma na amerudi na utafiti wa misuli inayonyauka. Nilikwenda tayari kumchukia na hakuniangusha. Amevaa saa kubwa. Anachanganya Kiingereza katika kila sentensi kama mpishi mbaya anayemwaga chumvi.

Lakini alichonacho ni kitu. Ana chupa ndogo, ndogo kuliko ya dawa ya macho, kwenye friji ya mafuta ya taa. Huko Ulaya walimdunga panya protini ya misuli ya binadamu. Damu ya panya ikatengeneza askari wa kuitambua protini hiyo moja tu, hata ikifichwa kati ya maelfu. Wakawavuna askari hao. Sasa Hasani akikata kipande cha msuli chembamba kuliko karatasi na kuwamwagia, wataikamata protini hiyo popote ilipo, kisha rangi ya kahawia itaonyesha walipokaa. Msuli mzima utakuwa na pete za kahawia kuzunguka kila uzi. Msuli wa mtoto mwenye ugonjwa anaoushuku hautakuwa na pete.

"Na dawa?" nilimuuliza.

"Dawa hakuna, Mwalimu. Dunia nzima. Lakini itajulikana ni ugonjwa gani."

Hicho ndicho ninachokitaka. Ugonjwa wenye jina, niupeleke kwenye kikao cha Felisian na kuupiga juu ya meza.

Tuligombana juu ya neno. Yeye anasema "antibodi". Nikamwambia mdogo wangu si daktari, Kiswahili kina neno lake, kingamwili, na yeye akija Kiriba atalitumia.

"Lakini hazimkingi mgonjwa kitu, Mwalimu. Ni za kupimia tu."

"Ni jina, bwana mdogo. Kwani kifaru cha jeshi kina pembe?"

Alicheka, ingawa alikuwa amefunga na midomo imemkauka. Nikaongeza: watu wa Kiriba si watoto, waambie kila kitu, na uwaambie kwa lugha yao. Akasema sawa. Nilishinda.

Jumatano, 18 Machi.

Mvua imeanza, na imeanza leo kwa sababu leo ndiyo tulikuwa njiani. Gari la misheni lilizama mara mbili kwenye udongo mweusi.

Nyumbani kwa Masatu walikuwa wamekaa wanaume wote wa ukoo, wakitazama mvua badala ya kututazama sisi. Hasani alieleza vizuri, nakiri. Alisema: nimeleta kingamwili za kuchunguza misuli ya mtoto.

Kisha Felisian, taratibu: "Kinga."

"Kingamwili," nikasahihisha.

"Nimesikia, Mwalimu. Kinga ya mwili."

Masatu, ambaye sijamsikia akisema maneno kumi tangu amwoe mdogo wangu, aliinua kichwa. "Ni ya kupaka au ya kunywa?"

Nilicheka kwa sauti. Hasani hakucheka; alirudia maelezo yote toka mwanzo, si dawa, ni ya kupimia, itamwagiwa nyama kidogo itakayokatwa pajani. Masatu alikuwa anakitazama kile kidumu cha baridi chenye chupa kilichokuwa miguuni kwa daktari. Muda wote alitazama hicho.

Wamekubali mtoto apelekwe Bunda. Nilirudi nikiimba.

Ijumaa, 20 Machi.

Mvua. Mgawo wa umeme. Wanafunzi wa kidato cha tatu hawajui tofauti ya mshipa na neva, na wazazi wao hawajui tofauti ya uhuru na mitumba.

Ijumaa, 27 Machi. Bunda.

Wamemkata Stani. Sindano ya ganzi, kisu, kipande cha ukubwa wa punje ya harage. Nyama ile lazima igandishwe pale pale, kwa hiyo Hasani alimwomba bwana mifugo wa Butiama lile dumu la hewa ya baridi wanalohifadhia mbegu za madume ya kigeni. Likaja limefungwa nyuma ya pikipiki, linafuka moshi mweupe.

"Hilo si la ng'ombe?" Stani aliuliza. Alikuwa analia na kuuliza kwa pamoja.

"La ng'ombe," bwana mifugo akasema.

"Basi daktari aangalie asije akaniandikia ndama."

Hata Boke, muuguzi wa zamu, mwanamke ambaye uso wake haujawahi kutabasamu mbele yangu, aligeukia ukutani mabega yakimtikisika.

Masatu alikuwepo. Alimbeba mtoto kuingia na kutoka. Hakuniamkia mpaka nilipomwamkia mimi.

Jumatatu, 30 Machi.

Hasani anasubiri mafuta ya jenereta ili mashine ya kukatia nyama iliyoganda ifanye kazi. Mafuta yapo Mwanza. Kila kitu cha nchi hii kipo Mwanza, au kipo njiani kutoka Mwanza.

Jumamosi, 4 Aprili.

Idi. Hasani amekuja mjini kwa wazazi wake, akaniletea sahani ya pilau kutoka kwa mama yake. Nimeila. Bado anavaa ile saa.

Jumatatu, 6 Aprili.

Chupa imeibiwa.

Hasani alirudi Bunda jana, akafungua friji, nafasi yake iko tupu. Alinipigia simu shuleni. Kwa mkuu wa shule, mbele ya watu, nikapiga kelele ambazo nadhani zilisikika Bunda bila simu. Nikapanda lori la kwanza.

Nilimkuta Boke wodini. Sikuuliza. Nilimwambia nchi imeuzwa na kila mtu anatafuta kipande chake cha kuuza, lakini kumwibia mtoto anayenyauka ni kazi ya fisi. Nilisema mbele ya wagonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika beseni.

"Umemaliza, Mwalimu?"

"Bado."

"Ukimaliza, muulize shemeji yako. Ijumaa alikuja akauliza kinga inakaa wapi. Nikajua anauliza habari ya chanjo za watoto, nikamwonyesha friji. Nikaenda kumzalisha mtu. Nimerudi, ameshaondoka."

Hasani aliinamisha kichwa. Mimi sikumwomba Boke radhi. Nilipaswa. Nilikuwa na haraka ya kumchukia mtu mwingine.

Jumatano, 8 Aprili. Kiriba.

Nimelala njiani kwa sababu ya mto, nimefika asubuhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa nzuri, ilianza na woga wa mwanamume na kuishia na jela.

Stani alikuwa amekaa kwenye mkeka, kaptula imekunjwa. Masatu amepiga magoti mbele yake, mikono inang'aa mafuta, anayakanda mapaja yale membamba kutoka juu kwenda chini, taratibu, kwa kidole gumba, akikwepa kidonda cha kisu. Pembeni kuna bakuli, na kando ya bakuli ile chupa ndogo kuliko ya dawa ya macho. Tupu.

"Lilikuwa tone tu," akasema bila kugeuka. "Nikachanganya na mafuta ya sangara ili lienee miguu yote."

"Masatu. Ile haikuwa dawa."

"Mlisema kinga."

"Daktari alieleza mara mbili!"

"Alieleza. Shemeji, na mimi nina masikio. Lakini mtu hawezi kutoka Ulaya na kitu, akakilinda kwenye baridi kama yai, kikaitwa kinga ya mwili, halafu kiwe cha kupakia rangi tu. Nikajua mnaificha. Kwamba ni chache na mnamtunzia mtu mkubwa." Akageuka. "Kila kizuri siku hizi si kinatunziwa mtu mkubwa? Wewe mwenyewe si ndiyo unaandikaga hivyo?"

Naandika hili kwa hasira. Nilikuwa nimemkuta mtu mmoja katika ukoo mzima anayesoma makala zangu, na amezielewa.

Stani akasema, "Mama mkubwa, mguu wa kulia umepata joto kidogo." Masatu akanitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena.

Nilikaa. Hotuba nilirudi nayo.

Alhamisi, 9 Aprili.

Mabaya zaidi. Pelagia amenisindikiza mpaka barabarani na kunieleza yanayosemwa. Ukoo wote unajua sasa kwamba dada yake, yaani mimi, alileta kinga ndani ya chupa. Na kinga, pale Kiriba, si chanjo wala kingamwili. Kinga ni ile unayozindikiwa na mganga. Felisian anapita nyumba kwa nyumba: "Anayetafuta kinga anajua anachojikinga nacho."

Nililichagua neno hilo mimi. Nililipigania.

Jumatatu, 13 Aprili.

Mvua. Mvua. Karatasi za mtihani zimelowana.

Alhamisi, 16 Aprili. Bunda.

Hasani alikuwa ameshazimua kiasi kidogo cha kingamwili kabla ya Idi, kikabaki kwenye neli ya majaribio katika friji ya maabara, si ile ya chanjo. Kinatosha jaribio moja. Mafuta yamefika. Leo jenereta imenguruma tangu asubuhi na mimi nimekaa kwenye benchi kama mjamzito.

Alasiri akaniita kwenye hadubini. Upande mmoja, msuli wa mtu mzima aliyekatwa mguu kwa ajali: pete za kahawia, safi, zimepangana kama sega la nyuki. Upande wa pili, Stani. Hakuna pete. Nyuzi zipo, nyingine nono, nyingine zimekwisha, mafuta yameingia katikati. Rangi hakuna hata doa. Askari wamepita nyumba zote na hawakumkuta waliyetumwa kumtafuta.

"Ndiyo wenyewe," akasema.

Nikapiga makofi. Mungu anisamehe, nilipiga makofi. "Basi si uchawi! Ni protini!"

"Ndiyo." Alivua miwani. "Mwalimu, wewe unafundisha biolojia. Unajua unarithiwa vipi."

Nilijua. Naufundisha kila mwaka, kidato cha nne, muhula wa pili, kwa mfano wa wasioona rangi. Mama ameubeba, haumwi. Mtoto wa kiume anaupata kwake. Sikuwahi kuuweka mfano huo kwenye nyumba ya Masatu. Mama yetu alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyekuwa akitambaa. Tuliambiwa aliugua surua. Kwa hiyo Pelagia anao, huenda na mimi ninao, mimi nisiyezaa na ambaye kila harusi huchekwa kwa hilo. Na binti wa Pelagia, Helena, ambaye wachumba wameanza kumpigia hodi.

Nikamwambia Hasani: kwenye kikao utasema ni ugonjwa, basi. Usiseme unatoka kwa nani.

"Wakiniuliza?"

"Utadanganya."

"Uliniambia watu wa Kiriba si watoto. Niwaambie kila kitu."

Nilimwita majina. Nilimwita dalali wa nyama za watu, nikasema anataka shahada yake na mifupa ya mdogo wangu iwe ngazi. Hakupandisha sauti. Alisema atamweleza Pelagia kwanza, peke yake, kwa sababu mwili ni wake. Na Pelagia ndiye atakayesema lipi lisemwe. Nikamwambia huo ni ujanja wa kizungu. Sasa nikiandika naona kwamba mimi nilikuwa nimepanga kila kitu kuhusu Pelagia bila hata kumuuliza kiti anachotaka kukalia. Lakini bado nimemkasirikia.

Jumapili, 19 Aprili.

Pasaka. Padri amehubiri juu ya subira. Nimetoka kabla ya sadaka.

Jumamosi, 9 Mei. Kiriba.

Kikao.

Mtama umevunwa, mvua inakatikakatika. Wanaume kwenye viti, Pelagia kwenye mkeka, mimi nikakaa kwenye kiti na hakuna aliyethubutu kuniondoa. Hasani alieleza. Safari hii alisema "kipimo" na neno kinga halikutoka mdomoni mwake hata mara moja. Akasema ugonjwa huu upo Ulaya, upo India, hauletwi na mtu, hautumwi. Nikaona vichwa viwili vitatu vikikubali. Nikaanza kupumua.

Felisian si mjinga. Nimemdharau muda wote na hilo lilikuwa kosa la kivita. Aliuliza swali moja. "Daktari, kila kitu kina kilipotoka. Huu umetoka kwetu au kwa wakwe?"

Hasani akamtazama Pelagia. Nikamkazia macho asiseme. Pelagia akasimama, akajifunga khanga vizuri.

"Umetoka kwangu, shemeji. Daktari kanieleza, nimemwelewa. Nilizaliwa nao bila kujua. Sikuwala wanangu. Niliwapa kila nilichokuwa nacho, na hicho kilikuwemo."

Kama pangekuwa na haki duniani, kikao kingeishia hapo. Felisian akawageukia wenzake: "Mmesikia. Kwa mdomo wake, na daktari shahidi."

Nililipuka. Nilisema kurithi si kuroga. Nikasema basi na mimi nirogeni, ni damu ile ile. Nikasema wao nao wamerithi upumbavu kwa baba na hakuna aliyewafukuza. Nilisema kweli tupu, kwa Kiswahili safi, na kila neno lilizidi kumfunga Pelagia. Nimebishana maisha yangu yote nikiamini kwamba ushahidi ukifika, ubishi unakufa. Leo ushahidi umefika na umekaa upande wao. Waliamua: aende kwao. Watoto wabaki.

Masatu alikuwa bado amekaa. Akauliza, "Mmemaliza?"

"Tumemaliza," Felisian akasema.

"Mtumbwi uko ufukweni. Nyavu ziko ndani. Gawaneni."

Akaingia ndani, akatoka na Stani mgongoni na godoro kichwani. Helena nyuma yake na sufuria. Felisian alimwita mdogo wake kwa jina la utotoni. Hakugeuka.

Jumapili, 10 Mei. Mwisenge.

Watu watano katika nyumba ya mtu mmoja. Masatu anakoroma. Vitabu vyangu vimehamishiwa chini ya kitanda.

Ijumaa, 15 Mei.

Masatu amepata kibarua cha kushusha sangara kwenye kiwanda cha minofu. Minofu inakwenda Ulaya, vichwa na mifupa vinauzwa kwetu. Hilo ni makala nzima, na nitaiandika. Nilimwendea Boke Jumatano nikamwomba radhi. Akasema, "Nimesikia," akaendelea kukunja shuka.

Jumamosi, 30 Mei.

Mvua imekoma kabisa. Asubuhi Felisian alifika, kwa miguu kutoka stendi, kavaa koti. Hakuketi.

"Nimekuja kumchukua mtoto. Mtoto ni wa ukoo. Ninyi wakubwa kaeni mnavyotaka."

Nikaanza kujibu. Nilikuwa na sheria, nilikuwa na historia, nilikuwa na Maandiko. Alinipita kama kigingi. Masatu alisimama mlangoni, ngumi zimekaza, na nikaona hawezi kumpiga kaka yake.

Stani alikuwa kwenye mkeka uani. Felisian aliinama, akapitisha mikono yake mikubwa chini ya makwapa ya mtoto, akavuta juu. Mabega ya Stani yakapanda mpaka masikioni, mikono ikanyooka hewani, na mwili mzima ukateleza chini ukatoka mikononi mwake. Alimwahi kichwa kisigonge chini. Akajaribu tena, kwa nguvu zaidi. Mtoto akateleza tena.

"Baba mkubwa," Stani akasema, anahema, "hivyo siinukagi. Mabega hayashiki."

Felisian alibaki amechuchumaa, anaitazama mikono yake. Hakuna aliyecheka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumgusa.

Pelagia alitoka jikoni akijifuta unga. Alichuchumaa, mkono mmoja chini ya mapaja, mwingine mgongoni, kichwa cha mtoto begani kwake, akasimama naye kwa pumzi moja. Miguu ya Stani ilining'inia mpaka magotini mwake.

"Haya, shemeji," akasema. "Tangulia. Nimbebe mpaka wapi?"

Felisian alimtazama yeye, akatazama barabara, akamtazama mdogo wake mlangoni. Kisha akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Nilimletea mimi. Nilichagua kikombe kibovu kuliko vyote nilivyo navyo, lakini nilimletea.